Mama Mdogo wa Kanyabayonga

Kila asubuhi Keren alifagia karakana ya ushonaji ya Mama Hulda huko Mususa, mjini Butembo. Kisha aliwasha babula, lile jiko dogo la makaa, nje ya mlango, apate moto wa kutia kwenye pasi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama Hulda alimwachia ufunguo, kwa sababu hakuwahi kuchelewa.

Hakuchelewa kwa kuwa alilala humo humo. Wazazi wake waliuawa kijijini, karibu na Beni, na alipofika Butembo alilala kwanza chini ya meza za soko. Mafundi wengi hawapokei mwanafunzi asiye na mtu wa kumjibia. Kwa hiyo Keren alisema anaishi kwa mama yake mdogo. Kila Mama Hulda alipotaka kumsalimu huyo ndugu, Keren alijibu kuwa amekwenda mji wa Kanyabayonga kununua maharagwe.

"Mama mudogo yako ni upepo?" Élysée, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Kila siku iko mu njia."

Keren alicheka, akaendelea kushona.

Mvua zilipoanza alimkuta Jokébed sokoni, amelala juu ya gunia lililolowa, anakohoa. Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na walikuwa wamelala pamoja chini ya meza zile. Keren alimwingiza karakanani kwa siri. Jioni moja baridi ilizidi, wakaingiza babula ndani na kufunga mlango. Keren akaziba mwanya wa chini kwa mabaki ya vitambaa, ili jirani asione mwanga.

Asubuhi Mama Hulda aligonga, hakujibiwa. Élysée alivunja mlango. Keren alikuwa bado anapumua, kwa shida. Jokébed alikuwa amekufa.

Katika kituo cha afya muuguzi aliwaeleza kwamba makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa yenye sumu. Haina rangi wala harufu. Anayelala humo huenda asiamke.

Mazishini walikuwapo watu wachache. Baadaye Keren aliweka ufunguo juu ya meza.

"Mama, nilidanganya. Sina mama mudogo. Nilikuwa nalala humu."

"Nilikuwa nawaza vile," Mama Hulda alisema. "Sikuuliza, sababu ulikuwa natumika kazi muzuri. Ile ni kosa yangu. Ya kwako, utaibeba."

Hakumfukuza. Alimpeleka kwa chef wa avenue, kiongozi wa mtaa, akasema mbele yake kwamba ndiye atakayemjibia Keren. Akamlaza pamoja na binti zake, na Keren alipomaliza kujifunza, Mama Hulda akaanza kumlipa. Keren alishona sare za shule mpaka macho yakamuuma. Alipotimiza miaka kumi na minane alipanga chumba chake mwenyewe, chenye dirisha moja.

Siku ya kuhamia, Mama Hulda alikuja kukiona. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

"Kukosa nyumba haiko haya," alisema. "Mutu mwenye shida aseme kwa mutu mukubwa, hata kama anaogopa. Ungeniambia, ningekasirika siku moja. Lakini Jokébed angekuwa muzima leo."

Ilikuwa kweli.