Mshale wa Rubi

"Wade! Rubi anachemsha tena!"

"Uko wapi?"

"Porini, nitakuwa wapi? Kulia vichaka, kushoto vichaka. Mshale umegusa nyekundu."

"Usizime injini. Fungua vioo vyote, washa hita mpaka mwisho."

"Hita! Asubuhi yote hii na joto hili, Wade!"

"Hita inalitoa joto kwenye injini. Mbona unajua?"

"Najua sana. Wenzangu wanaingia kazini wananukia marashi, mimi naingia nimeiva kama kuku wa kuchoma."

Simu ikakatwa. Wade Tonkin akabaki ameshika kofia yake ngumu mlangoni mwa kiwanda cha chuma cha Whyalla, kusini mwa Australia, wenzake wakimtazama na kucheka. Walikuwa wameizoea simu hiyo. Mke wake Coralie alikuwa mpishi wa nyumba ya wazee kule Port Augusta, na kila asubuhi alikwenda na kila jioni alirudi kwa Rubi, gari lile jekundu la spoti, la milango miwili, kuukuu kuliko ndoa yao. Wade mwenyewe alitumia pikapu iliyojaa vyuma vyake.

Tuseme ukweli, Rubi lilikuwa gari zuri. Lilikaa chini chini, na taa zake za mbele zilikuwa zikichomoza zenyewe usiku, ingawa ya kushoto siku hizi iligoma mpaka upige boneti kofi. Ndani ya gari hilo Wade alimtongoza Coralie. Juu ya dashibodi palikuwa bado na alama ya kisigino, Coralie alipopandisha miguu safarini na Wade akashindwa kumwambia aishushe. Mpaka leo hakuwa ameifuta.

Jioni ile Coralie aliingia nyumbani uso mwekundu, akatupa funguo mezani.

"Uza."

"Corrie..."

"Uza, Wade. Ninunue kigari chochote, hata kibaya. Nataka kinachofika tu."

"Rubi siwezi kumuuza. Nitamtengeneza."

"Umemtengeneza tangu nina nywele nyeusi! Mama yangu ni mgonjwa, analala hospitali kule kule ninakofanya kazi. Siku wakiniita usiku, nitakwenda na nini? Na hili jiko?"

"Nipe wikendi hii."

Coralie akavuta kiti, akakaa. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Wade.

"Sawa. Lakini nisikilize. Nikisimama njiani mara nyingine, sirudi hapa. Naendelea mbele mpaka kwa Gaynor, nakaa huko huko. Nimechoka kuwa mke wa pili wa gari."

Gaynor ni dada yake, anaishi Port Augusta. Na Coralie hakuwa mtu wa kutishia bure.

Jumamosi Wade alijilaza chini ya gari tangu asubuhi. Tatizo alilijua: rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa imeoza na kuziba, na ya aina ile haitengenezwi tena. Akapiga simu Adelaide, kwenye yadi ya magari chakavu.

"Iko moja inakuja," sauti ikamwambia. "Labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao nitakuwa sina mke, kaka."

"Wake wapo wengi. Rejeta hiyo ndiyo moja."

Jamaa akacheka peke yake.

Wade akakaa sakafuni mwa gereji. Basi ndipo akafanya jambo ambalo mtu asiyeishi na gari kuukuu hawezi hata kulifikiria. Akafungua dashibodi, akaunganisha nyuma ya kipimo cha joto kidude kidogo cha umeme. Kuanzia hapo mshale wa joto ulipanda mpaka katikati, ukalala hapo. Injini ipoe, injini iungue, mshale hauna habari.

"Ni ya muda tu," alijiambia. "Mpaka rejeta ije." Na kila usiku, Coralie akiwa bafuni, alinyata gerejini na jagi la maji, akaijaza rejeta ile inayovuja, akarudi akijifuta mikono. Aliamini kabisa kwamba huo ni upendo.

Kiwandani alimwambia Nev, rafiki yake, huku wakila pai za nyama.

Nev akaacha kutafuna. "Umetengeneza gari au umetengeneza mshale?"

"Najaza maji kila siku, Nev. Asubuhi jua bado si kali, jioni limeshapoa. Anafika salama."

"Na siku akiendesha mchana?"

"Mchana yuko kazini."

"Mwambie, rafiki yangu. Leo."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Na nyinyi mngekuwa Wade, sijui kama mngemwambia, kwa sababu nyumba ile iligeuka. Coralie alianza kuimba jikoni. Alirudi kazini na keki zilizobaki, akamlisha Wade kwa mkono. Jumapili moja alimfuata gerejini, akambusu shavuni palepale penye grisi.

"Naomba nikwambie kitu, usikasirike," alisema. "Nilikuwa nimeshamwambia Gaynor aniandalie chumba. Nilishaanza kupeleka nguo kidogo kidogo."

Wade akaweka spana chini. "Kweli?"

"Kweli. Jana nimezirudisha zote. Unajua ninavyoendesha sasa? Natazama mshale, naona umetulia katikati, nasema, yule mwanaume ananipenda. Mimi mwenyewe najicheka."

"Corrie, kuhusu huo mshale..."

"Nini?"

Alikuwa amesimama pale ana unga kwenye nywele, mchangamfu kama alivyokuwa kabla hawajaoana. Wade alimtaka abaki hivyo hivyo. Alimtaka sana.

"Hamna kitu," alisema. "Nafurahi kama unafurahi."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya mapumziko ya Coralie. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wade hakuteremka gerejini na jagi. Kwa nini ajaze, na gari haliendi popote?

Kiwandani simu hufungiwa kabatini mpaka saa ya chai. Wade alipofungua kabati alikuta jumbe mbili.

Wa kwanza: "Gaynor kapiga. Mama hali mbaya, anauliza niko wapi. Nakwenda sasa hivi."

Wa pili: "Nimeshatoka mjini. Mshale uko katikati. Asante mume wangu, leo ndio nimejua umenifanyia nini."

Joto siku hiyo lilikuwa arobaini na tatu.

Akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena na tena. Njia ile simu hushika na kuachia. Akaandika: "WASHA HITA. Fungua vioo. Punguza mwendo." Akatuma, akakimbilia pikapu bila kuaga mtu.

Alimkuta Rubi kando ya barabara, karibu na Lincoln Gap. Boneti iko wazi, maji yaliyomwagika chini ya matairi yameshakauka, harufu tamu ya injini iliyoungua bado iko hewani. Coralie hayupo. Kwenye kiti cha abiria palikuwa na shada dogo la maua ya bustani yao, limeshanyauka kwa joto. Wade akalichukua, akaendelea.

Gaynor ndiye aliyemwona kwanza, kwenye ukumbi wa hospitali.

"Usiingie," alisema.

"Mama...?"

"Amekwenda. Corrie amefika mama ameshakata roho, mikono bado ina joto." Gaynor akashindwa, akajifuta kwa kiganja. "Alikuwa anamsubiri, Wade. Kila gari likipita nje anauliza, huyo ni Corrie? Namwambia bado, mama. Anasema, mlio wa ekzosi ya Rubi naujua, mniamshe nikisinzia."

Mlango ukafunguka. Coralie akatoka. Hakuwa analia. Nywele zimemganda kwa jasho na vumbi, na simu iko mkononi.

"Pole, mpenzi wangu," Wade alisema. "Pole sana. Nimekimbia..."

"Nina swali moja."

"Uliza."

"Wazee wawili wastaafu ndio waliosimama wakanipa lifti. Wanavuta karavani lao la kulala, hawawezi kwenda kasi, yule mama akawa ananishika mkono njia nzima. Tulipokaribia mjini simu ikashika, ujumbe wako ukaingia." Akamwonyesha kioo cha simu. "Washa hita. Mimi nimekwambia mshale uko katikati. Wewe unaniambia niwashe hita. Ulijuaje?"

Wade akageuza macho kwenye lile shada mkononi.

"Ulijuaje, Wade?"

"Niliufunga," alisema. "Mshale. Niliufunga katikati. Nilikuwa nasubiri rejeta. Kila usiku nilikuwa najaza maji, Corrie, kila usiku naapa, isipokuwa jana, kwa sababu leo hukuwa..."

"Nilisikia harufu," Coralie alimkata. "Kabla hata sijafika nusu ya njia nilisikia harufu ya injini. Nikatazama mshale. Nikaiambia pua yangu inyamaze, mume wangu ameshatengeneza. Ningewasha hita, ningeegesha nikaongeza maji. Miaka yote hii najua la kufanya. Wewe ulininyang'anya hata hilo."

"Niliogopa utaondoka."

"Na hata leo hukuandika ukweli. Mama yangu anakufa, mimi niko barabarani, na wewe unaandika washa hita. Neno moja tu, nimekudanganya, hukuliandika."

Gaynor alimshika dada yake mabegani. Wade akanyoosha lile shada. Coralie aliyatazama maua, akayachukua kwa sababu aliyachuma kumpelekea mama yake, akarudi ndani na kufunga mlango.

Mazishi yalipita. Wade alikaa safu ya nyuma na hakuna aliyemfukuza. Coralie hakurudi Whyalla. Alituma ujumbe mmoja, akiomba sufuria ya mama yake iletwe.

Rejeta ilikuja kutoka Adelaide. Wade hakumpa fundi yeyote kazi ile. Alifungua injini, akapeleka silinda hedi ikasawazishwe, akaweka gasketi mpya, thamostati mpya, mipira mipya ya maji. Mwisho akafungua dashibodi, akakikata kile kidude, akakitia mfukoni. Alifanya kazi na alilia, si lazima tumfichie. Alimaliza Rubi akiwa mzima kuliko siku aliyomnunua. Hata taa ya kushoto ilikubali kuchomoza.

Jumamosi akaweka sufuria kwenye kiti cha abiria, akaendesha mpaka kwa Gaynor.

Coralie alitoka kabla hajapiga hodi. Naam, ekzosi aliisikia.

"Nimeleta sufuria," Wade alisema. "Na nimekuletea Rubi. Njoo ukae, dakika moja tu. Injini inaunguruma, tazama mwenyewe. Ukikanyaga mafuta mshale unapanda kidogo, feni ikiwaka unashuka. Ni mshale wa kweli."

Akatoa kile kidude mfukoni, akamwonyesha kiganjani. Hakikuzidi punje ya mchele.

Coralie aliingia, akakaa kwenye usukani. Alitazama mshale ukipanda, ukatulia, ukashuka. Alipitisha kidole kwenye alama ya kisigino chake. Wade aliona kidole kile, akasogea karibu.

"Umefanya kazi nzuri," Coralie alisema.

"Rudi nyumbani."

"Unanipenda?"

"Zaidi ya kitu chochote."

"Naona. Uso wako umetulia kabisa." Coralie akavuta pumzi. "Tatizo ndilo hilo. Hata ile Jumapili ulikuwa umetulia hivi hivi. Nilikwambia nimerudisha nguo, ukanitazama machoni, ukasema unafurahi. Ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu tuoane, Wade, na sasa siwezi hata kuikumbuka. Umeniharibia hata yaliyopita."

"Nitasubiri. Hata mwaka."

"Usisubiri." Akashuka, akachukua sufuria ya mama yake, akaikumbatia tumboni. "Gari ni lako. Gaynor amenipatia kigari kidogo cheupe. Kibaya. Kinafika."

"Corrie, nifanye nini?"

"Nenda nyumbani," alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi. "Nenda kabla jua halijapanda."

Wade akaondoka. Rubi alikuwa anakwenda vizuri, injini imelainika, barabara tupu. Mshale uko katikati. Akautazama. Baada ya muda mfupi akautazama tena. Alipofika Lincoln Gap hakuweza kuvumilia, akaegesha palepale penye doa jeusi la mafuta, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta mpya. Hakuna tatizo. Kila kitu kilikuwa sawasawa, na bado hakuamini.

Simu ilikuwa imeshika. Akaandika: "Nimefika Gap. Mshale uko katikati."

Alisimama juani akisubiri. Lori likapita, vumbi likatulia. Alipokuwa anafunga boneti, simu ikalia.

Jibu lilikuwa maneno mawili.

"Washa hita."

Wade aliyasoma mara kadhaa; yalikuwa maneno yake mwenyewe ya siku ile, na Coralie hakuwa tena na imani na mshale wake. Kisha akaingia ndani, akashusha vioo vyote, akawasha hita mpaka mwisho, na akaendesha hivyo hadi Whyalla, upepo wa moto ukimpiga usoni. Alifika ameloa chapachapa, macho yanamwasha. Mshale haukuwa umesogea hata kidogo.