Slaidi Zilizokataliwa

Ofisi ya vifurushi ya basi la Nairobi ilikuwa imefurika watu Jumatatu ile. Fowsiya na Mursal wakajikuta wameshika katoni moja.

"Abaayo, dada yangu, hiyo ni yangu," Mursal alisema.

"Soma jina kwanza."

Fowsiya alivaa abaya nyeusi na shela ya zambarau, jasho limemtoka puani. Jina lilikuwa lake. Katoni ilibeba vioo vya maabara ya hospitali, alikofanya kazi ya kukata vinyama vya wagonjwa na kuvibandika kwenye vioo hivyo, slaidi, ili vipimwe. Mursal akacheka. Yeye ndiye aliyeajiriwa hospitalini hapohapo kuendesha mashine mpya ya kupiga picha za slaidi hizo, ili daktari wa Nairobi azisome kwenye kompyuta.

Baada ya miezi miwili walikuwa wakipigiana simu kila mara, hata wakitenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, au unashibishwa na mashine?"

Kisha slaidi zikaanza kurudi. Moja ilikuwa na mikunjo, nyingine viputo chini ya kioo, nyingine nene hata picha ikatoka na ukungu. Kila mara Mursal alijaza fomu ya kukataa, na kila fomu ilipitia kwa mkuu wa maabara. Ya tatu ilikuwa ya Bishara, mama kutoka kijiji cha Kotile mwenye uvimbe kwenye titi, aliyekuwa akingoja majibu siku ya kumi na moja sasa. Mkuu akamwambia Fowsiya mbele ya wenzake kwamba akishindwa, kazi atapewa mwingine.

Fowsiya akampigia Mursal.

"Hukuweza kuniambia mimi kwanza?"

"Fowsi, fomu ni utaratibu tu."

"Miaka sita nakata kwa mkono huu, leo naitwa mzembe kwa sababu yako. Usinipigie tena."

Siku nne hakupokea simu yake. Alikata upya, akaharibu upya, akalia chooni.

Siku ya tano Mursal akaingia maabara na boksi la barafu aliyoinunua kwa wauza maziwa ya ngamia. Akagusa kipande cha nta kilichoshika kinyama cha Bishara. Kilikuwa laini.

"Wembe hauwezi kukata nta iliyolegea hivi. Kosa si mkono wako."

"Tangu Ramadhani nalalamika kwamba friji ya kugandishia nta imekufa. Nani alinisikia?"

"Nimemwandikia mkuu leo. Nimeandika pia kwamba nilipaswa kuja hapa kabla ya kujaza fomu hata moja. Nisamehe."

Fowsiya aliilaza nta kwenye barafu mpaka ikakaza, akakata utepe mwembamba, akauacha uelee juu ya maji ya uvuguvugu mpaka ukanyooka, akauopoa kwa kioo. Akautia rangi, kisha akashusha kioo cha juu polepole, upande mmoja kwanza. Mursal akanyoosha mkono kuichukua slaidi.

"Wacha gundi ikauke. Haraka yako ndiyo inachafua mashine."

Picha ilitoka safi, kila seli ikionekana. Alasiri daktari akajibu: ni saratani, lakini imewahiwa. Bishara alipoambiwa alikaza mtandio wake, akauliza matibabu yanaanza lini.

Getini Mursal akasimama.

"Nitume wazee mtaani Iftin, kwa baba yako, walete posa?"

"Watume," Fowsiya alisema bila kutabasamu. "Lakini bado nimekasirika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka friji ije."