Koti la Sufuria

Mama yangu ni fundi cherehani. Kwetu kila kitu kina nguo. Redio ina kitambaa. Kiti cha baba kina foronya yenye lesi. Hata jagi la maji lina sketi ya marinda, na naapa sketi hiyo ni nzuri kuliko ya sare yangu ya shule.

Mimi huitwa Sindano. Jina hilo alinipa mama kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwembamba. Pili, sipiti mahali bila kumchoma mtu. Nasoma shule ya bweni. Huko nimefundishwa hesabu, historia, na namna ya kuunganisha kamba za viatu vya watu wawili waliolala.

Likizo yetu kubwa huangukia Siku ya Uhuru. Siku hiyo ukoo wote huja kwetu, pamoja na majirani na marafiki. Tunakula mchana, tunaongea, tunacheza muziki. Jua linapozama, televisheni huonyesha bendera ikishushwa na wimbo wa taifa ukipigwa. Sote tunasimama wima uani. Halafu watu wanarudi makwao.

Mpishi wa siku hiyo ni mama. Ana sufuria moja kubwa kuliko zote. Tunaiita Jemadari. Mama alikuwa akipika mchuzi wa nyama jioni ya kuamkia sikukuu. Asubuhi alitaka kukaa mbele ya televisheni atazame gwaride tangu askari wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Siku ya Uhuru na mimi nataka kuwa huru," alikuwa akisema.

Ili mchuzi usipoe, alimshonea Jemadari koti. Ni koti kweli, ndugu msomaji. Lina pamba ndani, lina vifungo, na lina rangi za bendera. Usiku kucha Jemadari alilala mezani akiwa amevaa koti lake. Asubuhi ukimgusa, bado ana vuguvugu. Mama alilionea fahari koti hilo kuliko watoto wake, na simlaumu.

Sasa sikia yaliyotokea mwaka jana.

Tulikula, tukashiba. Jioni wimbo wa taifa ukaanza. Watu wakasimama wima. Ghafla mjomba, dereva wa lori, akakunja uso. Akabana magoti. Jirani wa pembeni akashika tumbo. Shangazi yangu akaanza kutokwa na jasho. Wimbo ulikuwa umebakiza ubeti mzima. Wafanye nini? Wakikimbia, wanaivunjia nchi heshima. Wakibaki, wanajivunjia heshima wenyewe.

Mjomba ndiye aliyetoroka kwanza. Wengine wakamfuata. Choo chetu ni kimoja. Wimbo ulipofika mwisho, uani alikuwa amebaki baba peke yake, mkono kifuani, akishangaa raia wamekwenda wapi.

Watu walicheka baadaye, lakini haikuwa mzaha. Mtoto wa jirani alilazwa hospitali kwa kuishiwa maji mwilini. Mama alikwenda kumwona.

Halafu zikaanza lawama. Shangazi alisema ni nyama ya mama. Mama alisema ni saladi ya shangazi. Shangazi ana saluni ya kusuka nywele. Habari ikiingia saluni hiyo asubuhi, jioni imeshapata miguu na mabawa. Mwaka mzima watu waliokuja kushonesha nguo walimtazama mama kwa jicho la huruma. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Mwaka huu, sikukuu ilipokaribia, shangazi alipiga simu. Mama aliweka simu sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa kwenye cherehani.

"Wifi, mwaka huu sherehe iwe kwangu. Wewe pumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Sijasema umechoka, wifi yangu. Nasema pumzika."

"Watu wanakuja hapa tangu nilipoolewa. Watakuja hapa."

Shangazi akasema, "Haya, pika. Lakini mtu mmoja tu akishika tumbo, Siku ya Uhuru inahamia kwangu moja kwa moja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema mama. Sauti ilikuwa imara. Lakini nilimwona akishona mfuko wa shati upande wa mgongoni.

Mama alifikiri, akapata jawabu lake. Aliamini mchuzi ulipigwa na baridi ya usiku. Basi akaanza kumshonea Jemadari koti jipya, zito mara mbili ya lile la kwanza.

Alikuwa akilitia vifungo wakati Bibi Afya alipoingia. Bibi Afya ni jirani yetu. Kazi yake ni kukagua usafi wa hoteli, shule na masoko, na kuwafundisha watu kujikinga na magonjwa. Mwaka jana sikukuu ilimkuta safarini. Sasa alikuwa amefuata gauni lake la kazi lililokuwa likipunguzwa.

Aliliona koti mezani, akaligeuza huku na huku.

"Shoga, huyu mtoto ni wa nani? Mbona hana shingo?"

"Si mtoto," nilisema. "Ni Jemadari. Anaogopa mafua."

"Sindano, nyamaza," alisema mama. Akamweleza kisa chote.

Bibi Afya alikaa. Hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Nani hakuugua?"

Tukatazamana. Kisha sote tukamgeukia baba, aliyekuwa amelala kwenye kiti chenye lesi.

"Huyu," nilisema. "Alibaki na wimbo peke yake."

"Baba Sindano, mwaka jana ulikula nini?"

Baba alifumbua jicho moja. "Wali na saladi. Daktari amenikataza nyama kwa sababu ya jongo la kidole changu cha mguu. Saladi yenyewe nilikula sahani mbili."

"Na wali ulipikwa lini?"

"Asubuhi ileile," alisema mama.

"Basi saladi haina kosa," alisema Bibi Afya. "Wali hauna kosa. Aliyeikosa nyama ndiye aliyepona."

Mama aliweka sindano chini. "Haiwezekani. Nyama ile iliiva mpaka ikaachana na mfupa!"

"Naamini. Ilipoiva ilikuwa safi. Ubaya uliingia usiku. Kuna vijidudu havifi hata chakula kikichemka. Vinajikunja kama mbegu. Chakula kikiwa cha moto sana, vinatulia. Kikiwa baridi kabisa, kama ndani ya friji, vinazubaa. Lakini kikiwa vuguvugu, vinaamka, vinakula, vinazaana. Vinapenda nini? Chumba chenye joto kidogo, na usiku mrefu."

"Na koti la pamba," nilisema.

"Na koti la pamba," alikubali Bibi Afya.

Nilimtazama mama. Kwa mara ya kwanza likizo ile, nilijuta kufungua mdomo.

"Lakini nilionja asubuhi," alisema mama taratibu. "Haikuwa imechacha."

"Pua na ulimi havivioni. Chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikakuangusha."

"Na nilikipasha."

"Kilitokota?"

"Kilikuwa cha moto wa kulika tu."

"Huo hautoshi. Tena vijidudu vingine huacha sumu. Sumu hiyo hata ukiichemsha haitoki. Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakikai nje zaidi ya saa mbili."

Mama alifunika uso kwa koti. "Kwa hiyo yule mtoto niliyekwenda kumwona hospitali, mimi ndiye niliyemlaza."

"Ulipika chakula kizuri, kikakaa vibaya," alisema Bibi Afya. "Hukujua. Sasa unajua. Pika siku ileile, watu wale kikiwa cha moto, basi."

"Na gwaride?" Mama alifunua uso. "Nikipika asubuhi, gwaride nitalionea wapi? Mwaka mzima nainamia cherehani. Asubuhi ile ni yangu!"

Vitabu vya Bibi Afya havina sura ya magwaride. Basi taifa likamgeukia Sindano.

"Mama," nilisema, "kama wewe huwezi kwenda kwenye gwaride, kwa nini gwaride lisije jikoni?"

Baba alifumbua jicho la pili. "Dirisha la sebuleni linatazama uani," alisema. "Televisheni ikigeuzwa, mtu wa uani anaona yote. Moto tuwashe pale."

Mama alitutazama mmoja mmoja. Halafu akachukua koti, akamalizia kifungo kilichobaki.

"Hili unalimaliza la nini?" aliuliza Bibi Afya.

"Mchuzi ukitoka motoni unatokota, nikauvika koti wakati wa kuupeleka mezani tu, kuna ubaya?"

Bibi Afya alicheka mpaka miwani ikamtelemka. "Hapana, shoga. Hapo koti linafanya kazi yake. Ukifungua, mvuke uonekane. Usipouona, rudisha motoni."

Jioni ya kuamkia sikukuu hatukupika. Tulijiandaa. Mama alikata vitunguu na karoti, akaviweka kwenye bakuli lenye mfuniko. Nyama mbichi tuliiweka kwenye chombo chake, chini kabisa ya friji, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kisu na ubao wa nyama havikugusa mboga. Ili visichanganyike, nilivitia alama kwenye mpini kwa rangi nyekundu ya kucha. Rangi hiyo ilitoka saluni kwa shangazi. Namna ilivyotoka ni siri ya serikali.

Asubuhi askari wa kwanza walipotokea dirishani, Jemadari alikuwa juu ya moto. Mama alikaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Bendi ilipopita, alipiga saluti kwa mwiko, na tone la mchuzi likamwangukia baba kwenye kipara.

"Nimejeruhiwa vitani," alisema baba, akajifuta kwa heshima zote.

Mimi nilipewa lango. Niliweka ndoo yenye bomba, sabuni, na kamba ya kuzuia njia.

"Simama! Hapa ni mpakani," nilimwambia mjomba. "Onyesha mikono."

"Mikono hii imeshika usukani nchi nzima, wewe kijiti!"

"Ndiyo maana tunaihoji. Sabuni kote, mpaka katikati ya vidole. Na kucha."

"Dada, umezaa askari jela!" mjomba alimpigia mama kelele kule motoni. Lakini alinawa.

Shangazi aliingia na saladi yake na mkoba mkubwa. Alipoufungua atoe kitambaa, niliona ndani biskuti pakiti tatu, na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Mwanamke huyo alikuja kama anayekwenda vitani.

"Shangazi, karibu. Unatarajia njaa au maafa?"

"Vyote," alisema, akanawa mikono bila kuagizwa.

Saa ya kula ikafika. Jemadari alitoka motoni anatokota, akavishwa koti, akabebwa na baba na mjomba kwa mwendo wa gwaride. Mama alimfungua vifungo, kimoja kimoja. Akafunua mfuniko.

Mvuke ulipanda mpaka ukaziba uso wa mjomba. Watu wakapiga makofi. Bibi Afya, safari hii akiwa mgeni wetu, alitikisa kichwa kukubali. Shangazi alichukua kipande kidogo kama kucha. Akakitafuna. Akangoja. Akachukua kipande cha pili.

Wageni waliposhiba, mama hakukaa. Alimimina mchuzi uliobaki kwenye trei zisizo na kina, ili upoe upesi. Mvuke ulipokwisha, mchuzi ukaingia kwenye friji. Jemadari alioshwa, akawekwa ukutani.

Jua likaanza kushuka. Nilimwona mama akihesabu watu kwa macho. Kila aliyekohoa, alimtazama. Mjomba alijikuna tumbo tu, na mama akashika ukuta.

Kisha wimbo wa taifa ukaanza.

Tulisimama wima. Bendera ikashuka taratibu dirishani. Ubeti wa kwanza ukapita. Hakuna goti lililobanwa. Mtoto wa jirani, yule wa hospitali, alikuwa mstari wa mbele, akiimba kwa sauti ya kuvunja vyombo. Sauti ya mwisho ikaisha. Uani walikuwapo watu wote.

Mama alivuta pumzi.

Ndipo shangazi alipotoka mstarini. Alitembea haraka sana kuelekea ndani ya nyumba. Hakumtazama mtu.

Ukiingia kwetu, kushoto ni choo, kulia ni jiko. Kupitia mlango uliokuwa wazi sote tulimfuata kwa macho. Mama alikunja ncha ya kanga yake mpaka ikawa kamba.

Shangazi alifika katikati. Akasita.

Akageuka kulia.

Tukasikia mlango wa friji. Shangazi akatokea na trei ya mchuzi mikononi.

"Wifi," alisema, "huu napasha tu kidogo, au vipi?"

"Kidogo?" Mama alipata sauti yake yote. "Utokote wote, mpaka katikati, siyo pembeni tu! Na unakoroga!"

Uani kukalipuka vicheko na vigelegele. Mjomba alimbeba mtoto wa jirani mabegani. Baba alipiga saluti kwa friji. Mimi nilizunguka uani mzima nimevaa koti la Jemadari, nikipokea heshima ambazo hakuna aliyenipa.

Shangazi alikula sahani nyingine, biskuti zake zikiwa bado mkobani. Alipomaliza alilivuta koti mgongoni mwangu, akalipapasa pamba.

"Wifi, nishonee na mimi la sufuria yangu. Kesho njoo saluni uchukue vipimo, nitaileta huko. Nitawaeleza wateja wote namna ya kulitumia. Mimi mwenyewe."

"Nitakuja," alisema mama.

Shangazi alinawa mikono langoni, akachukua mkoba wake. Akasimama.

"Na mwakani," aliuliza, "unataka tufike hapa saa ngapi?"

Mama alijibu kwa utulivu wa rais.

"Gwaride likianza. Njoo na kigoda chako."