Mke Mwenza wa Ndani ya Kaske

Asubuhi moja Riziki aliokota kaske ya masikioni ya mume wake ili aipanguse vumbi, akakuta sifongo zake zimelowa na zinanuka tope la mto.

Mume wake, Assani, alikuwa na kazi ya ajabu kwa mtu wa Kindu, ndani kabisa ya Kongo, ambaye hajawahi kuiona bahari: alisikiliza nyangumi. Akili bandia ilizipanga sauti zao kwa makundi, huyu anamwita mtoto, yule anajitambulisha, na yeye alihakiki kama imepanga sawa. Wiki hiyo kompyuta ilitenga sauti moja, ikaandika: si nyangumi. Assani akaacha nyingine zote, akawa anasikiliza hiyo tu, anatabasamu. Tabasamu hilo Riziki hakulipata tangu harusi. Jamani, wivu ulimchoma mpaka chakula kikamshinda!

"Huyo njo nani?" akauliza.

Assani akanong'ona. "Wakati ya vita nilijificha ndani ya mto Lualaba, askari wanapita pale juu. Sauti ya mwanamuke ikaniambia nisiinuke. Nikamwambia, ukiniokoa nitakuoa."

"Miaka kumi na tano niko muke wako, na haukuniambia?"

"Nilifikiri alinisahau."

Riziki akamnyang'anya kaske, akaivaa, akasikia tk, tk, tk, kama kucha mlangoni, kisha pumzi ya mtu aliye karibu mno, kisha jina la Assani likitamkwa kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nao, na maji ya baridi yakamtiririka shingoni, akauvuta waya ukachomoka, na ile sauti ikaendelea kumwita mume wake.

Baada ya sala ya adhuhuri akaja Shehe Aboubakar, aliyeitwa na Riziki, pamoja na mashahidi wawili.

"Jini aliyeahidiwa ndoa hutolewa kwa talaka," alisema. "Mtaje jina, umwache mara tatu mbele yetu."

"Jina yake sijue, shehe."

"Muulize."

Assani akavaa kaske. Alisikiliza kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kukubali. Kisha akatamka wazi jina aliloambiwa:

"Riziki binti Djamali, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

"Shehe!" Riziki alipiga kelele. "Hiyo njo jina yangu!"

"Tumesikia, mama," shehe alijibu taratibu, bila kumtazama. Mashahidi nao waliinamisha vichwa.

Riziki aliingia chumbani kuchukua nguo zake. Upande wake wa kitanda ulikuwa umelowa, na mto wa kulalia ulikuwa umebonyea, pale kichwa kinapolala.