Lenzi Isiyomwacha Mtu Nje

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimeishi mtaa wa Pipeline miaka kumi na moja, nimesikia kila hadithi ya majini na wachawi, na zote nilizicheka. Hii siicheki. Ilitokea nyumbani kwa kaka yangu, na mdomo ulioharibu mambo ni huu wangu.

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine, jua kali, nguo zimeanikwa kila gorofa. Kaka yangu Mbuthia ni mpiga picha, wa ile kamera kubwa ya mbao inayosimama kwa miguu mitatu, unaingia nyuma yake ukijifunika kitambaa cheusi. Watu humcheka, wanamwambia simu zipo. Lakini mkewe Waringa hataki kusikia habari za simu. Picha zote za mtoto wao wa kwanza, Kim, zilikuwa kwenye simu, na ile simu ikanyakuliwa mwezi mmoja tu baada ya kumzika. Hakubaki na hata moja.

Sasa Kui, mdogo wake Kim, wa miaka sita, alikuwa apasuliwe moyo Jumatatu, na daktari alikuwa amemweleza Waringa kwa ile sauti ya chini ambayo mtu akiisikia anaelewa. Waringa akataka picha moja ya familia nzima kabla ya Jumatatu. Ya filamu, isiyoweza kunyakuliwa.

"Na mtu asiachwe nje," alisema. "Hata mmoja."

Shida ilikuwa nyumba. Ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, gorofa ya sita, na Kui hangeweza kushushwa ngazi zile kwa ajili ya picha tu. Ukisimama mlangoni na lenzi ya kawaida ya Mbuthia, unapata nusu kitanda na mtu mmoja. Ilihitajika lenzi pana. Tukamwacha Kui na cucu yake, yaani mama yetu, sisi watatu tukaenda Eastleigh kwa mzee Dirie, anayeuza vifaa vya kamera za zamani.

Dirie akapanga lenzi mbili mezani. Moja ilikuwa imeandikwa tisini. Ya pili ilikuwa pana zaidi, kioo chake kimetokeza kama jicho la ng'ombe, na haikuandikwa nambari yoyote.

"Chumba ni futi ngapi? Na watu ni wangapi?" aliuliza.

Futi Mbuthia alizitaja. Ya watu akanyamaza. Kwetu watoto hawahesabiwi. Cucu alitulea hivyo: ukimtajia mgeni idadi ya watoto wako, unaita balaa. Nilitaka kusema "ni wa kutosha tu, mzee," lakini Waringa akanitangulia.

"Ni watano. Watoto wawili, cucu wao, huyu tata yao, yaani shangazi, na mimi. Baba yao ndiye anapiga."

Wawili! Nilimwangalia Mbuthia, yeye akaangalia viatu vyake. Haya, ungemwambia nini mama? Umtoe Kim kwenye hesabu mbele ya watu?

Dirie akairudisha ile ya tisini kabatini. "Wangekuwa wanne, hii ingetosha. Kwa watano chukueni hii nyingine. Aliyeniuzia alisema haimwachi mtu nje." Alikaa nayo mkononi kidogo kabla ya kumpa Mbuthia. "Nilimuuliza mbona basi anaiuza. Alichukua pesa zake akaondoka."

Saa tisa tulikuwa tayari. Kui alikaa kitandani, upande wa kushoto wa chumba ukiangalia kutoka mlangoni, na bangili yake ya shanga nyekundu. Karibu naye Waringa, kisha cucu, kisha nafasi yangu. Kulia kabisa, kwenye jiko, hakukuwa na mtu. Filamu ilikuwa imebaki moja.

Mbuthia akaingia chini ya kitambaa, akakaa sana. Akatoka akijipangusa macho. Alikuwa amelia tangu asubuhi, maskini.

"Shiku, hebu angalia," alininong'onezea. "Kuna kitu pembeni. Mimi sioni vizuri."

Nikaingia. Ndani ni giza, kuna kioo peke yake, na kwenye kioo watu wamepinduka, vichwa chini. Nikamwona Kui. Nikamwona Waringa. Nikamwona cucu. Nafasi yangu, tupu.

Kisha mtoto.

Alikuwa amesimama kando ya jiko. Sweta ya kijani. Ile tuliyomzika nayo.

Nikatoa kichwa nje. Kwenye jiko, hakuna mtu. Nikarudisha kichwa. Yuko. Amenyoosha mkono kuelekea kitandani.

Ngai! Nilifikiria kitu kimoja: asimchukue Kui. Na kwa sababu Waringa alikuwa anatuangalia, jina sikulitaja.

"Mtoe," nilinong'ona.

"Nani?"

"Geuza kamera umtoe, Mbuthia! Yuko kushoto!"

Anayezijua kamera hizi ameshaelewa. Kile kioo hakipindui vichwa tu, kinabadilisha na pande. Kushoto kwa kioo ni kulia kwa chumba. Mbuthia analijua hilo hata usingizini, ila alidhani nimemtajia upande wa chumba, kwamba kile kitu kiko kati ya Kui na ukuta. Hakuuliza. Mimi sikujua.

Akageuza kamera kulia. Kui akaanza kukohoa, midomo ikabadilika rangi.

"Haraka, tafadhali," Waringa alisema.

Mbuthia akatia filamu bila kuangalia tena. Filamu ikishaingia, kioo kimezibwa. Nikakimbilia nafasi yangu kando ya cucu. Kamera ikalia, *tak*. Nikashukuru Mungu. Mimi, mjinga, nikashukuru.

Jumatatu Kui alipasuliwa, na hakuamka.

Mbuthia aliisafisha ile picha baada ya mazishi. Niko hapo, cucu yuko hapo, Waringa yuko hapo. Kando yangu kuna jiko, na hakuna mtu. Kim alikuwa amehama. Alikuwa amekaa kitandani, anatuangalia, ameshika mkono mdogo wenye bangili ya shanga. Mkono tu. Picha imeishia kwenye kifundo.

Waringa aliikumbatia siku nzima. Usiku ndipo alipouliza, "Nani alimkata mtoto wangu?" Mbuthia akatoka nje. Mimi nikashika vyombo nikaosha. Mpaka leo Waringa hajui.

Ameitundika juu ya kitanda. Jumapili iliyopita alinifungulia mlango akitabasamu, mara ya kwanza tangu tumzike Kui.

"Shiku, njoo uone," alisema. "Kim anamvuta ndani."

Nilikaribia. Ule mkono haukuishia tena kwenye kifundo. Nikaangalia upande wa pili. Jiko halikuwepo. Ukuta haukuwepo. Wa mwisho upande ule ni mimi, na bega langu la kushoto lilikuwa limekatwa.

Tangu kesho yake mkono wangu wa kushoto hauna hisia. Jana nilijichoma na sindano mpaka damu ikatoka, nisisikie kitu. Najua mnachotaka kuniambia. Nimwambie Waringa aishushe ile picha, aichome.

Nitamwambiaje? Mtoto ameshaingia mpaka kwenye kiwiko.