Ubongo Haujui Kunyamaza

"Miwani yako iko tayari. Pitia uichukue."

Simu ikakatika.

Mwanamke aliyeipokea hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake. Katika Idara ya ujasusi alikofanya kazi walimwita Mwiba, na maneno yale kwake yalikuwa na maana moja: ingia kliniki, kazi imeanza.

Akaisukuma bastola yake ya Glock chini ya kiti cha Toyota yake. Akabaki na saa ya Casio mkononi, iliyofichwa ndani yake kinasa sauti kilichorusha kila neno Idarani, na kidude cha mawasiliano cha sikioni, kidogo kama punje ya mtama, ambacho alikitia mfukoni.

Akashuka.

Mashahidi wawili wa kesi ya silaha za magendo walikuwa wameuawa, kila mmoja katika nyumba yake ya siri. Walinzi wao walihojiwa mpaka wakalia. Hawakusema kitu kwa mtu yeyote, na Idara iliwaamini. Jambo moja tu liliwaunganisha walinzi hao: wote walitibiwa hapa, kwa mashine inayosoma mawimbi ya ubongo.

Midomo haikufunguliwa. Kilifunguliwa nini, basi?

Mwiba hakulazimika kuigiza ugonjwa. Tangu bomu la darajani limchukue mwenzake mbele ya macho yake, usingizi ulimpa kisogo. Mlango ukibamizwa alijikuta yuko sakafuni. Cheti alichokuja nacho kilikuwa cha kweli, neno kwa neno.

Kibaya zaidi, tiba ilikuwa inamsaidia.

Ukumbini alimkuta mama mmoja amempakata binti yake mwenye kifafa.

"Huyu wangu hajaanguka wiki nzima," mama akamnong'oneza, kama anayeogopa kuishtua furaha yake. "Na wewe, dada?"

"Nalala kidogo."

"Mungu mkubwa."

Mwiba akatabasamu, na akajisikia vibaya.

Ndani, mtaalamu wa mashine, dada mpole mwenye mikono ya baridi, akamkalisha kwenye kiti cha kulalia. Akampaka jeli kichwani, akambandikia vihisio kimoja kimoja. Nyaya zikashuka mgongoni kama misuko.

"Kama siku zote, dada. Ubongo wako ukitulia, mawingu kwenye skrini yanang'aa. Ukihangaika, yanafifia. Usilazimishe. Uache wenyewe ujifunze."

Mwiba akayatazama mawingu. Akashusha pumzi. Yakang'aa.

Nyuma ya kioo cheusi kulikuwa na kivuli. Mwenye kliniki, daktari mgeni aliyekisema Kiswahili kwa ufasaha wa kutisha, leo alikuwa amekuja mwenyewe.

Mawingu. Mawingu. Ukuta mweupe.

Ilipita upesi kama kope ikipepesa. Mawingu tena. Kisha kibaraza. Kisha geti jeusi. Kisha geti la kijani lenye mbonyeo upande wa kushoto.

Moyo wake ukaruka.

Aliujua ule mbonyeo. Mdogo wake ndiye aliyeligonga geti hilo kwa gari, siku alipokuwa anajifunza kurudi nyuma. Mdogo wake alikuwa muuguzi, na katika nyumba ile alimhudumia shahidi wa tatu, mhasibu mgonjwa wa kisukari.

Sasa Mwiba akaelewa. Walinzi hawakusema kitu. Walionyeshwa picha tu, na bongo zao zikaitikia kabla wenyewe hawajajua wameulizwa. Mdomo unaweza kuufunga. Ubongo je?

"Moja," sauti ya Daktari ikasema kwenye spika.

Picha zikapita tena. Geti la kijani. Mawingu yakafifia gizani.

"Mbili. Turudie mara ya mwisho. Zikifika tatu nitakuwa na uhakika."

"Daktari, amechoka," mtaalamu akasema. "Na hizi picha za kupima umakini mbona—"

"Mpe maji, kisha turudie."

"Niende msalani kwanza," Mwiba akasema.

Chooni akafungulia bomba, akatia kidude sikioni.

"Mkuu. Wanatumia picha za nyumba. Wamenikamata kwenye ile yenye geti la kijani."

"Tumesikia. Safi sana."

"Safi nini? Waliomo mmeshawahamisha?"





"Hawajahamishwa. Ungejua nyumba ni tupu, ubongo wako usingeshtuka. Tulihitaji ushtuke, ili waende pale tuwanase."

Mwiba akashika sinki kwa mikono miwili. "Mdogo wangu yumo mle."

"Ndiyo maana tulikuchagua wewe."

Alitamani kukitupa kile kidude chooni. Akameza mate.

"Watoe sasa hivi."

"Haiwezekani. Walipiga picha kila jengo ambalo magari yetu yaliwahi kuingia, na kila jengo wameliwekea mtu nje. Wakitoka tu, wameonekana. Nina walinzi wawili pale, na wengine wako njiani."

"Watachelewa. Geti jeusi ni la karakana yetu?"

"Ndiyo."

"Jaza watu humo. Waingie na magari ya kutengenezwa, wasishtue mtu."

"Una mpango gani?"

"Jaza watu, Mkuu."

Akarudi kwenye kiti.

Mtaalamu akambandika upya kihisio kilicholegea. "Tulia tu, dada," akanong'ona. Hakujua alichokuwa anakiomba.

Mawingu.

Mwiba akapumua kama alivyofundishwa. Akaulegeza utaya, mabega, vidole. Ukuta mweupe. Kibaraza.

Geti jeusi.

Akaufungua mlango ambao kwa wiki kadhaa alikuwa akijifunza kuufunga. Daraja. Moshi. Mwenzake akimwita kwa jina lake la nyumbani, kisha sauti ikikatika katikati ya neno. Aliyaleta yote. Mawingu yakazimika kabisa.

Sasa funga. Funga haraka!

Geti la kijani.

Si kitu. Ni bati lililopakwa rangi. Akaitoa pumzi taratibu, machozi yakimtiririka masikioni. Mawingu yakasitasita.

Yakabaki yanang'aa.

Daktari akaamuru picha zirudiwe tena. Akalirudia daraja. Mara hii aliuona hadi mkono wa mwenzake, nao ulikuwa mbali na mwili.

Nyuma ya kioo Daktari aliisogelea skrini yake.

"Lile la kijani halimshtui tena," akasema hatimaye. "Pengine aliwahi kupita hapo tu. Jeusi ndilo limempasua."

Akapiga simu.

"Geti jeusi. Wote. Nendeni."

Mwiba hakujongea. Alilala pale na nyaya zake, akihesabu pumzi, huku Daktari akiwa na simu sikioni akiwasikiliza watu wake barabarani.

Kisha, kupitia spika iliyoachwa wazi, simu ikalipuka kwa milio ya risasi.

"Mtego!" mtu akapiga kelele upande wa pili. "Ni mte—"

Mwiba alishainuka. Nyaya zikang'oka na nywele. Mlango wa chumba cha kioo ukafunguka kwa teke, na Daktari alikuwa ameshatia mkono kwenye droo.

Bastola aina ya Beretta ikatoka.

Mwiba akaukamata mkono ule juu ya kiwiko, akauzungusha. Kitu kikalia kama kijiti kikavu. Bastola ikaanguka, na Daktari akaifuata chini akigumia.

"Uliitikia!" akasema kwa uchungu. "Niliona kwa macho yangu. Ubongo haudanganyi!"

"Haukudanganya," Mwiba akamjibu, akimfunga mikono kwa waya wa mashine yake mwenyewe. "Ulikuwa unamlilia mtu."

Mtaalamu alikuwa amesimama ukutani, kiganja mdomoni.

"Dada, wallahi sikujua. Mimi nilikuwa natibu watu."

"Najua. Ulinitibu."

Alitaka kuongeza kwamba tiba yote imebomoka leo, kwamba daraja limerudi lote na halitaondoka usiku huu. Hakuongeza.

Mkuu alikuja na vijana wake, suti imenyooka, uso umejaa sherehe.

"Tumewanasa wote, hata aliyewatuma. Mdogo wako mzima, shahidi mzima. Mwiba, hii ni kazi ya—"

Simu ya Mwiba ikaita. Akampungia mkono anyamaze.

"Dada?" Sauti ya mdogo wake ilikuwa chini sana. "Kuna wanaume wamekuja. Wanasema wametumwa na ofisi yenu, tuhame sasa hivi. Niwaamini?"

Mwiba akamtazama Mkuu. Mkuu akaitikia kwa kichwa, kwa haraka: ndiyo, ni wetu.

"Hapana," Mwiba akasema kwenye simu. "Funga mlango. Usimfungulie mtu yeyote mpaka uisikie sauti yangu."

"Hata wa kwenu?"

"Hasa wa kwetu."

Akairudisha simu mfukoni. Akampita Mkuu bila kumgusa bega, akashuka ngazi polepole, jeli ikimkaukia kichwani, akaelekea kwenye gari.

Nyuma yake Mkuu aliita jina lake mara mbili. Hakugeuka.