Kiuno cha Thelathini na Nne

“Dada, nina vipimo vya mwanamke mkononi.”

“Vya nani?”

“Ndicho ninachotaka kujua. Nimevikuta kwenye daftari la shemeji yako.”

Nilikuwa nimejifungia bafuni katika nyumba ya wageni, bomba nimelifungua ili mume wangu akirudi asinisikie. Dirisha dogo lilitazama mto, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na ng’ambo yake maghala ya zamani yenye vibaraza vya chuma vilivyoshika kutu. Mji mzuri. Sikuwa na macho ya kuutazama.

Mume wangu ni fundi saa. Miaka kumi na miwili sasa, kila Desemba huja katika mji huu mkongwe kuihudumia saa kubwa ya mnarani, ili mwaka ukigeuka ipige bila kukosea. Anarekebisha saa za watu wote, ila yeye mwenyewe hajawahi kurudi nyumbani kwa wakati. Mwaka huu nikasema nakuja naye. Akakubali haraka mno, nami hapo hapo nikaanza kushuku.

“Nisomee,” dada akasema.

“Kifua arobaini. Kiuno thelathini na nne. Nyonga arobaini na nne. Halafu ameandika, bega la kulia limeshuka kidogo.”

“Jina?”

“Hakuna. Kila ukurasa una jina la mwenye saa, huu peke yake hauna.”

“Wewe ndiye fundi cherehani. Huyo ni mtu wa namna gani?”

“Mtu mzima. Amezaa, anakula akashiba, na anakaa kitako siku nzima. Mimi najinyima mkate asubuhi, kumbe mwenzangu anapenda vya kujaza mkono.”

“Kwani wewe kiuno chako ngapi?”

“Ishirini na nane.”

Nikasikia dada akiweka kikombe chini.

“Ishirini na nane,” akarudia polepole.

“Ndiyo. Kwa nini?”

“Hapana, mdogo wangu. Endelea.”

Nikamwambia na lile lililonimaliza kabisa. Asubuhi simu ya mume wangu ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia, nikausoma kabla kioo hakijazima: “Kila kitu kiko tayari. Njoo kesho saa tano na nusu. Usije naye.” Aliyetuma ameandikwa Fundi wa Mtoni. Nikajua ni mwanamke. Usiniulize nilijuaje.

“Utafanya nini?” dada akauliza.

“Nitamfuata. Nikimkuta naye, napanda kivuko cha saa sita mchana. Baada ya hicho hakuna kingine hadi tarehe tatu. Akija nyumbani atakuta nimehamishia cherehani yangu kwako.”

“Usikurupuke.”

“Sikurupuki. Nimeshapanga nguo.”

Mume wangu alirudi jioni, grisi hadi kwenye nyusi. Nikampa chai. Nikamtazama anavyoipuliza, yule yule wa siku zote, nikatamani kumwagia.

“Kesho vipi?” nikauliza.

“Kesho nitakuwa mnarani tangu asubuhi. Nimewaahidi itapiga saa sita mchana, wote waisikie kabla ya sherehe zao.”

“Nikusindikize?”

“Ngazi mia na kitu, na popo wamejaa. Wewe pumzika, mke wangu. Lala.”

“Nilale.”

“Eh. Kwani vibaya?”

Asubuhi alinyoa ndevu mara mbili. Akavaa shati la bluu nililomshonea mimi kwa mikono yangu, kisha akajipulizia manukato.

“Siku hizi saa zinapenda harufu?” nikamuuliza.

Akacheka peke yake, akanibusu kwenye paji la uso, akatoka.

Nilihesabu hadi hamsini. Nikampa mchukuzi wa mizigo begi langu alitangulize kivukoni, nikamfuata mume wangu kwa umbali. Alipita njia ya mawe kando ya mto, kwenye kuta zilizoota ukoka, joto la mvua inayokuja limetuganda mwilini. Kwenye njiapanda ya mnara, mkono wa kushoto ndio saa. Yeye akakata kulia.

Nilikuwa nimeomba niwe nimekosea, nionekane mjinga.

Aliingia kwenye nyumba yenye dirisha refu. Nikachungulia. Cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, vitambaa vimepangwa kwa rangi jinsi ninavyovipanga mimi. Na mwanamke mrembo, mvi chache juu ya paji, futi yake ya kupimia imening’inia shingoni. Alikuwa anamcheka mume wangu kama mtu anayemjua zamani. Jicho langu halijui kupumzika, likampima hapo hapo. Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na saba.

Siye.

Badala ya kupoa nikawaka zaidi. Kumbe wako wawili. Huyu mwembamba anamshonea yule mnene, na mume wangu ndiye anayebeba vipimo. Nikasukuma mlango.

“Yuko wapi?”

Mume wangu alikuwa ameshika bahasha kubwa ya karatasi. Ikamponyoka.

“Mama Vifungo,” akasema. Ndivyo anavyoniita. “Umefikaje hapa?”

“Kwa miguu. Nauliza yuko wapi.”

“Nani, dada?” yule mwanamke akauliza, mpole sana.

“Usiniite dada. Mwenye kiuno cha thelathini na nne. Mwenye bega lililoshuka. Mtoeni, nimwone, niondoke zangu.”

Walitazamana. Wivu wangu uliniambia huo ndio utazamaji wa watu wenye siri. Ulisema kweli, ila siri yenyewe haikuwa ile. Yule mwanamke akaivua futi yake shingoni, akanipa.

“Fundi mwenzangu,” akasema, “hebu jipime.”

“Mimi najijua. Ishirini na nane.”

“Lini?”

Mara ya mwisho ilikuwa siku nilipojishonea gauni la harusi. Tangu siku hiyo nimepima nusu ya wanawake wa mtaa wetu na sijawahi kuizungusha futi kwangu mwenyewe. Ninavaa madira mapana na mabaki ya vitambaa vya wateja. Nguo mpya nashona za watu.

Nikaizungusha. Nikavuta pumzi, tumbo ndani. Nikaona haya, nikaiachia pumzi. Nikasoma. Thelathini na nne, kama ilivyoandikwa.

Nje, kivuko kilipiga honi ya kwanza.

“Umenipima lini?” nikamuuliza mume wangu.

“Jumapili moja umelala baada ya chakula. Nilitumia uzi wako mweusi.”

“Umenipima kama maiti.”

“Ulikuwa unakoroma. Nisingechanganya.”

“Na jina? Mbona hukuandika jina?”

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji ni majimaji.

“Majina ni ya saa za watu, zisije zikachanganyika. Saa yetu ya ukutani umewahi kuiona na jina kwenye daftari langu? Kilicho changu sikiandikii jina.”

Nilitaka kulia, nikajizuia. Bado nilikuwa na deni la wivu nusu nzima, nami si mtu wa kuacha kazi katikati. Nikamgeukia yule mwanamke.

“Na wewe ni nani yake?”

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama sakafu.

“Mwambie,” mwanamke akasema. “La sivyo namwambia mimi.”

“Tulikuwa tuoane,” mume wangu akasema. “Kabla yako. Nilipokuwa mwanafunzi wa fundi wa mnara.”

“Miaka kumi na miwili unakuja mji alipo mchumba wako, na hukuniambia?”

“Niliogopa ungenikataza kuja.”

“Ningekukataza.”

“Ndiyo hivyo.”

“Dada,” mwanamke akasema, na safari hii nikamwacha aniite. “Miaka yote hiyo anapita ng’ambo ya barabara, hata salamu hatoi. Novemba hii ndiyo kwanza amenipigia simu, kanisomea vipimo vya mke wake. Nikamwambia usije naye, maana ilikuwa iwe zawadi. Sikufikiri ungesoma.”

“Mafundi wa nguo wamejaa dunia nzima,” nikamwambia mume wangu. “Kwa nini yeye?”

“Kwa sababu nguo yoyote ungeigeuza ndani nje. Hao wengine ungewafumulia mezani.”

Kwa hilo hakusema uongo. Nikalitoa gauni kwenye bahasha, la kijani kibichi, nikaligeuza ndani nje kabla hata sijaliangalia kwa mbele. Bitana imelala. Pindo limeshonwa kwa mkono, mishono sawasawa mwanzo hadi mwisho. Bega la kulia amelipunguza kwa kiasi kile kile ambacho miaka ya kusukuma vitambaa imelishusha langu. Nilitafuta kosa kwa bidii zote. Sikupata, na nakiri hapo ndipo wivu uliponiuma kuliko popote.

Nikaingia nyuma ya pazia, nikalivaa. Likanikaa. Nilijitazama kwenye kioo, mwanamke wa thelathini na nne niliyekuwa nimemtukana siku nzima, na hakuwa na ubaya wowote.

Nilipotoka, mume wangu alikuwa amesahau kufunga mdomo.

“Mwaka kesho,” nikamwambia, “utapita upande huu wa barabara. Utamsalimia. Mimi nitakuwa kando yako, nimekushika mkono.”

“Sawa.”

“Na usinipime tena nimelala.”

“Sawa.”

“Na saa je? Umewaahidi saa sita.”

Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akachomoka mbio na shati lake la bluu. Tulisimama mlangoni, mimi na yule mwanamke, tukisubiri. Punde mnara ukapiga, nasi tukahesabu hadi kumi na mbili. Ilikuwa imechelewa dakika nne.

“Hajabadilika,” akasema.

“Hilo niachie mimi,” nikamjibu. Tukacheka, ingawa mimi nilicheka kidogo.

Hapo ndipo nilipokisikia kivuko kikipiga honi ya mwisho, nikakumbuka begi langu. Nguo zangu zote zilikuwa zinavuka mto bila mimi.

Nikamwandikia dada: “Kiuno ni changu.”

Akajibu kabla sijaishusha simu: “Nilijua tangu jana. Nani angethubutu kukwambia?”

Nikauingia mwaka mpya na dira nililotoka nalo asubuhi ile na gauni moja tu, lililoshonwa na mwanamke niliyetaka kumchukia, na siku tatu nzima mume wangu hakunitazama usoni bila kutabasamu.